Komwe Elfu na Moja

Mwaka mmoja kabla Wajerumani hawajaishika forodha ya Bagamoyo, jioni ya mwisho ya Shaabani, Rehani alizuiwa mlangoni kwa mkewe, Miza. Nikaha ilikwisha kusomwa msikitini. Lililobaki ni kuingia ndani tu. Lakini shangazi wa bibi harusi, Bi Khairat, alikaa kizingitini na ungo wa komwe, zile mbegu za kuchezea bao.

"Elfu na moja!" alitangaza. "Zipangeni mkekani, safu zote ziwe sawa, isibaki mbegu mkiwa. Safu ya mbegu moja moja siitaki, wala ile moja ndefu ya kumeza zote. Mkishindwa hadi mwezi uandame, rudini kwenu Makurunge. Miza mtamwona Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha!"

Ndani vigelegele vikapasuka. Mjomba wa Rehani, Kibwana, akapanga mbili mbili, ikabaki moja. Tatu tatu, zikabaki mbili. Tano tano, moja tena.

"Mmekuja kuoa au kupanda mtama?" Bi Khairat alicheka. "Elfu hukatika kila upande. Nimeitia moja, nimeifunga! Mungu ni Mmoja, hupenda witiri, hesabu isiyo na mwenza."

Jua lilikuwa juu ya mapaa ya makuti. Rehani alilowa jasho kanzu nzima.

Dada yake, Mwanahija, alikuwa akitazama mikono ya mjomba. Elfu imetiwa moja, aliwaza. Basi nitafute kinachopungukiwa moja kwenye elfu. Akaijaribu saba kichwani. Mia saba zimetoka. Katika mia tatu, mia mbili na themanini zimetoka. Ishirini, toa kumi na nne… sita! Sita yangoja moja tu!

Akapaza sauti: "Mjomba, saba saba!"

"Saba ni siku za fungate, mwanangu."

"Panga, mjomba, jua hilo!"

Wakapiga magoti wote, na bwana harusi na kilemba chake. Mikono ikagongana. Mwanahija akakung'uta ungo: nne, tano, sita, saba. Mtupu!

Hakutulia hata hapo. "Na safu ni mia na arobaini na tatu… hiyo ni kumi na moja mara kumi na tatu! Shangazi, umeifunga kwa moja, kumbe ina milango mitatu: saba, kumi na moja, kumi na tatu!"

"Mitatu?" Bi Khairat akashuka kizingitini. "Hebu nionyeshe."

"Kwanza kaka yangu apite."

"Apite, apite, nani kamshika?"

Rehani akaruka miguu yao, akaingia.

Bi Khairat alikwisha chota komwe nyingine. "Nikitia mbili zaidi? Elfu na tatu?"

Wakajaribu, yeye na Mwanahija. Tatu ikashindwa. Saba ikashindwa. Kumi na moja, kumi na tatu, zote chali. Wakashikana mikono, wakipiga kelele kama watoto.

"Na kumi na saba je?" aliuliza Mjomba Kibwana.

"Nyamaza, bwana wee!" walimkemea pamoja, na mikono tayari inapanga kumi na saba kumi na saba.