Majivu Katika Chungu cha Pili

Asubuhi ile Akongo aliuacha uji wake jikoni bila kuugusa. Mtahini alikuwa anakuja kijijini Kisoko kutoka mjini Tororo.

Katika darasa lao la jioni, lile la watu wazima kanisani, Mwalimu Owor aliwaambia kila mmoja ajichagulie jambo la kujifunza nyumbani, alifuate wiki nane, aandike anachokiona. Atakayeshindwa angerudia mwaka. Na Akongo hakuwa na mwaka wa kurudia. Mumewe alikwisha sema, mtoto wa pili akizaliwa, masomo basi.

Alichagua kunde. Alijaza mbegu vyungu viwili: kimoja akachanganya na majivu, kingine akakiacha hivihivi, aone wadudu fukusi watakula kipi. Kila Jumapili alichota kiganja kimoja kimoja, akahesabu mbegu zilizotobolewa, akaandika.

Wiki ya tano alirudi kutoka kisimani akamkuta mama mkwe wake, Abbo, mtoto mgongoni, mikono myeupe kwa majivu. Bibi alikuwa amekionea huruma kile chungu cha pili, akakitia majivu tele. Akongo alimeza machozi. Mama mkwe hakaripiwi, tena ndiye aliyemlelea mtoto kila jioni ya darasa. Aliandika tu yaliyotokea, akaendelea kuhesabu.

Sasa Bwana Otai, mtahini, amekaa kwenye kigoda, anasoma daftari. Kwenye wiki ya tano akasita.

"Umeandika hapa mama mkwe ametia majivu. Ungeficha, nani angejua?"

Abbo alidakia kwa Kiswahili chake cha soko la Busia. "Mimi ndiyo nilitia. Mbegu nakwisha, mimi naangalia tu? Kama iko kosa, andika jina yangu, si ya huyu mtoto."

Otai alicheka mpaka miwani ikamteleza. Akafunua kurasa za mwisho, akawaonyesha: katika chungu cha pili idadi ya mbegu zilizotobolewa ilipanda hadi wiki ya tano, kisha ikasimama papo hapo. Majivu yalikuwa yamejishuhudia mara mbili, mara moja katika kila chungu. Kisha akasema alama si za chungu, ni za aliyeona na kuandika, hata pale palipomuuma. Chini ya ukurasa akaandika: Amefaulu.

Akongo aliingia jikoni, akaunywa ule uji uliopoa akiwa amesimama, akaongeza kata ya pili.

Nje Abbo aliuliza kama sasa kunde zinaruhusiwa kupikwa.

"Pika, Mama," alijibu. "Chungu chochote unachotaka."