Tope la Kalekye

Lorraine alikuwa na kinyaa tangu utotoni, tena si kinyaa cha kawaida. Akiona unywele ndani ya sufuria, chakula chote kilimwagwa. Nzi akitua juu ya mkate, mkate ulikwenda. Sasa mtu wa namna hiyo, nani alimtuma kufuga funza? Shida ndiyo iliyomtuma, na shida haimuulizi mtu anachopenda.

Funza wenyewe walikuwa wa wale nzi weusi warefu wanaofugwa kulishia kuku. Chama cha akina mama kiliwaweka ndani ya makreti juu ya paa la ploti moja ya nyumba za kupanga, mtaani Kware, na kuku wa chama hawakuwa na chakula kingine. Funza wakifa, kuku wafe, na chama kife nao. Makreti yalijaa maganda ya ndizi, mabaki ya githeri na matumbo ya samaki yaliyoanza kutoa povu. Ndani ya uozo huo funza walisuguana kwa sauti kama ya mafuta yanayokaanga. Kila asubuhi Lorraine alipanda ngazi akiwa amejifunga leso puani.

Lakini funza walikuwa afadhali kuliko Kalekye.

Kalekye, Mama Ndete, ndiye aliyeanzisha ufugaji ule. Ndiye pia aliyempokea Lorraine alipohamia Kware, akamlelea mtoto wake, Kimani, mama mtu alipokuwa akihangaika na vibarua. Alikuwa mtu mwema, ila mkono wake ulitisha. Kila alipotandika kreti jipya, aliuzamisha mkono mtupu katika kreti kuukuu, akachota tope jeusi, yaani kinyesi cha funza na uvundo wake wote, akalichanganya na chakula cha wachanga. Alifanya hivyo kama mtu anayebakiza uji kidogo chunguni ili wa kesho uchachuke. Ukimuuliza sababu, alisema ndivyo alivyofunzwa, na kwamba wachanga wasipoonja cha wakubwa hawakui. Kisha alijipangusa kwenye leso na kuendelea na soga zake.

Lorraine alivumilia hadi siku alipomwona Kalekye akimenya chungwa kwa mkono huohuo. Akalipuka. Mkutanoni alisimama mbele ya wanachama akasema Kalekye na uchafu ni kitu kimoja, na kwamba iko siku wote wataugua kipindupindu kwa ajili yake. Baadhi walicheka. Wengine, waliokuwa na kinyaa chao cha siri, waliitikia kwa vichwa. Kalekye alijitwika kreti lake moja akahamia kwa dadake, mtaa wa Mukuru kwa Reuben.

Lorraine akashika usukani. Alilimwaga tope lote, akasugua makreti kwa jiki hadi plastiki ikapauka, akanunua glavu. Mayai mapya ya nzi yakaanguliwa juu ya pumba safi, na paa likanukia kama wodi. Alijisifu hadi akawachosha watu.

Ndipo vikaja vinyigu, vidogo kuliko chawa. Vilitua juu ya funza na kudunga mayai ndani ya miili yao. Funza walikua, wakawa weusi, wakatulia wakingoja kugeuka nzi, lakini nzi hawakutoka. Lorraine alimpasua mmoja akakuta ujiuji wa manjano na viwavi vyeupe vikijinyonganyonga, vikimla mwenyeji wao kutoka tumboni. Alitapika palepale, juu ya makreti yake safi. Uzao uliofuata ukaliwa vivyo hivyo. Nzi waliobaki kwenye neti ya kutagia wakawa wa kuhesabika, na kuku wakaanza kudonoana kwa njaa.

Akawapeleka wale funza waliokufa ndani ya kopo kwa Kawsar, mwenye duka la dawa za mifugo kule mtaa wa Fedha, aliyesomea wadudu chuo kikuu. Kawsar aliwakagua, kisha akauliza mbona funza wa Kalekye hawafi, maana vinyigu vimejaa Mukuru pia na yeye Kawsar alikuwa kwa Kalekye juzi. Lorraine akasimulia usafi wake wote. Kawsar akaeleza kwamba wako wadudu wanaobeba bakteria mwilini, na bakteria hao huwalinda: kimelea kama kinyigu akidunga yai, yai hufa kabla ya kuanguliwa. Wachanga hawazaliwi na walinzi hao kila mara. Wengine huwapata kwa kula kinyesi cha waliowatangulia. Hakuweza kuapa kwamba hawa nao wako hivyo, alisema, lakini angekuwa yeye angejaribu.

"Kwa hivyo dawa ndiyo niliyomwaga," Lorraine akasema.

"Uliimwaga, dada, kisha ukaisugua kwa jiki."

Alimkuta Kalekye nyuma ya nyumba ya mabati, kando ya mtaro, kreti lake likifurika funza wanene wanaong'aa. Lorraine aliomba msamaha harakaharaka, kama mtu anayetema kitu kichungu, kisha akatoa ndoo na glavu.

"Hizo glavu zanuka jiki," Kalekye akasema. "Utaua hichohicho ulichokifuata. Tumia mkono."

Tope lilikuwa na joto. Hilo Lorraine hakulitarajia. Lilimwingia chini ya kucha, funza wakamtambaa katikati ya vidole, na uvundo ukamtoa machozi. Akachota, akachota tena, mpaka ndoo ikafika nusu. Moyoni aliona amelipa. Fedheha gani tena ingezidi hii? Akamwambia Kalekye arudi Kware, kwamba wanachama wanamtaka, na yeye mwenyewe anamtaka.

Kalekye aliifunika ndoo vizuri, maana tope halikuwa na kosa.

"Mama Kimani, mbele ya watu ulisema mimi na uchafu ni kitu kimoja. Leo umekuja ukatutenganisha. Huo uchukue. Mimi niache hapa."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Lorraine. Maji yakimwagika hayazoleki, naye ndiye aliyeyamwaga. Akabeba ndoo kurudi Kware, mkono mweusi hadi kiwikoni. Njiani watu walimpisha wakiziba pua, na mama mmoja akamvuta mwanawe kando asiguswe. Lorraine alitaka kumwambia kwamba hii ni dawa, lakini mama yule alikuwa ameshatema mate.