Kopo la Udongo wa Mwanne

Saburi hakuomba kutunza nguruwe. Hilo naliweka wazi mapema, maana pale Mkuza, mwaka ule wa 1953, walikuwapo waliosema aliomba. Yeye alikuwa mfagiaji wa uwanja kwenye shamba la mkonge la Mgiriki mmoja. Mtunza nguruwe, mtu wa bara, alipokwenda kwao kuzika, Mgiriki alimkabidhi Saburi ndoo ya pumba akamwambia ni wiki moja tu. Wiki ikawa mwezi, na mwezi ulipokwisha Saburi alikuwa ameshawapenda.

Hilo la kuwapenda hakumwambia mtu, sembuse mkewe. Mwanne alikuwa ameikubali kazi ile kwa sharti moja. Kila asubuhi alichimba udongo safi nyuma ya nyumba, chini ya mkorosho, akauchekecha, akamjazia mumewe kopo. Jioni, kabla ya kurudi, Saburi alitakiwa ajioshe mara saba, mara ya kwanza kwa udongo ule, kama sheria inavyotaka kwa aliyegusa nguruwe. Asipojiosha, mkeka wake angeukuta barazani.

Alijiosha kweli. Kosa lake ni kwamba hakuishia kujiosha yeye.

Vitoto vinane vya nguruwe vilianza kuhara. Mgiriki akaleta vidonge kutoka Dar es Salaam, na kuhara kukapungua, lakini afya haikurudi. Manyoya yalisimama, matumbo yalijaa upepo, mbavu zikahesabika. Kikafa kimoja, kikafuata cha pili. Saburi, kwa akili yake ya mtu msafi, aliona adui ni uchafu. Akavitenga na mama yao aliyejaa matope, akavitia kwenye banda la saruji, akawa anavipeleka kunyonya baada ya kuzisugua chuchu zile kwa sabuni. Banda lenyewe aliliosha maji saba kila siku, kwa dawa yenye harufu ya hospitali. Kadiri alivyosugua ndivyo vilivyokonda, na kadiri vilivyokonda ndivyo alivyosugua. Mbishi mkubwa, mzee yule.

Jumatatu Mgiriki alitoa neno: visipopata nafuu hadi Ijumaa, vitauawa vyote na kuzikwa kwa chokaa. Saburi akaitikia ndiyo bwana, kisha akaenda kusimama nyuma ya banda mpaka macho yakamkauka.

Jioni ile alichuchumaa nje ya banda ajioshe. Kile kidogo kuliko vyote, alichokiita Mzee kwa jinsi uso wake ulivyokunjamana, kikapenya mlangoni, kikapindua kopo na kuanza kula udongo kwa pupa, kama mama mjamzito. Saburi aliinua mkono akifukuze, akaushusha. Kwa hali ile, alijisemea, hata kingetaka halua angekipa. Akajioshea udongo uliosalia.

Jumatano Mzee alikuwa amepata choo kigumu, cha kwanza baada ya wiki mbili. Siku hiyohiyo akafika Mfaume, bwana mifugo, kwa baiskeli kutoka Kisarawe. Saburi alimsimulia habari ya udongo akitegemea kuchekwa. Mfaume hakucheka. Alilikagua banda lile lililong'aa, akatikisa kichwa.

"Mzee wangu," alisema, "tumboni mwa hivi mna vijidudu visivyoonekana, na vingi ni vyema. Vinasaidia kusaga chakula na kuulinda utumbo. Ugonjwa umevifagia, na vidonge vikamalizia. Sasa tumbo ni kama shamba tupu, magugu ndiyo yanayowahi. Mbegu mpya vingezipata kwa mama yao na kwenye udongo, lakini wewe unaziosha kila siku."

Saburi akauliza kama ni yeye aliyeviua vile viwili. Mfaume aliinama kukaza mnyororo wa baiskeli, akasema viliuawa na ugonjwa. Akaagiza virudishwe kwa mama, dawa ya kuoshea iachwe, na vipewe udongo wa mahali ambapo nguruwe hawajapata kukanyaga. Pale shambani nguruwe walikuwa wamekanyaga kila mahali. Saburi akalitazama kopo lake.

Alivimwagia udongo wote. Kwa hiyo jioni alifika nyumbani bila kujiosha, akasimama mwisho wa uwanja. Mwanne alikuwa anapepeta mchele.

"Baba Salehe, mbona umesimama huko?"

Akamweleza yote, habari za Ijumaa, za udongo, na za Mzee. Halafu likamtoka lile alilolificha.

"Na ninavipenda, Mama Salehe. Najua ni najisi, na sheria naishika. Lakini nikifika vinanijua, vinasimama hata kama miguu inatetemeka."

Mwanne aliweka ungo chini, akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na udongo na ndoo. Akammiminia maji mwenyewe, akihesabu hadi saba, uso umekaza. Saburi alilala hajui amesamehewa au la.

Asubuhi mlangoni palikuwa na kopo, na pembeni yake debe zima la udongo, nalo limechekechwa.

"Kopo lako," alisema Mwanne, akitazama kwingine. "Debe la hao wenzio. Nimetoa vijiwe, visije vikamkwama yule mdogo."

Ijumaa Mgiriki alikuja na mtu wa koleo. Akakuta vitoto sita, vyembamba bado, vinagombania chuchu katikati ya matope na kupiga kelele ya kutoboa masikio. Akamwambia mtu wa koleo aende akapalilie mkonge.

Jioni Saburi alichuchumaa uani, Mwanne akimmiminia maji na kuhesabu. Alipofika mara ya tano akaishusha ndoo.

"Na Mzee," aliuliza, "amenyonya?"

Saburi alifurahi hata wote wawili wakasahau wamefika ya ngapi, ikawabidi waanze upya.