Nyuma ya Kadi ya Erica

Hakimu aliishika kadi ya kliniki ya mwanangu kwa ncha za vidole, akaisogeza dirishani. Ilikuwa imelainika kama kitambaa, ina doa la mawese pembeni. Mimi nilikuwa natazama mikono ya mume wangu. Kila karani alipofunga komeo la kizimba cha mashahidi, Anatoli alilifungua.

"Hii ni kadi ya mtoto," hakimu alisema.

"Ndiyo, Mheshimiwa," akajibu dada Asnath, wakili wetu. "Naomba usome nyuma."

Mwaka wa tisini na sita, wakimbizi walipokuwa wakishuka kutoka ng'ambo ya ziwa siku baada ya siku, Anatoli alikuwa utingo kwenye lori la kuwapeleka kambini. Breki zilikuwa mbovu. Alikwisha kumwambia tajiri mwenye lori mara mbili. Asubuhi ile alifunga mlango wa nyuma, akaigonga pini kwa nyundo ili watoto wasidondoke njiani. Mteremkoni lori likapinduka. Yeye alirushwa majanini, akainuka, akakimbilia ile pini. Haikutoka.

Tajiri alikuja kutoa pole. Akamtazama juu mpaka chini, akasema tumshukuru Mungu, hana hata mkwaruzo. Tukashukuru. Tulishukuru zaidi ya miaka minne, na hilo ndilo lilikuwa kosa letu.

Nyumbani kwetu Ujiji aling'oa makomeo yote. Kisha akaanza ya majirani. Jirani yetu Leonia alinisimamisha kisimani: "Mama Erica, mwambie mwenzio kuku wangu hawajaomba uhuru." Nikacheka naye, nikaenda kulia nyuma ya choo.

Hospitali hakutaka hata kuisikia. Mama mkwe alisema mwanamume mwenye miguu miwili mizima si mgonjwa. Basi kila mwezi nilipompeleka Erica kupimwa uzito, nilimweleza nesi Rozalia habari za baba yake. Nesi alisema hawezi kumwandikia mtu asiyemwona. Halafu akaigeuza kadi. "Tuseme ni habari za mtoto," akasema, akaandika. Aliandika nini sikujua. Wakati huo kalamu kwangu ilikuwa kitu cha kutazama tu.

Erica alipokaribia miaka mitano nilianza masomo ya jioni kule Gungu. Siku moja nilikaa mkekani, mtoto anakula, nikaichukua kadi nijipime. Nikasoma kwa sauti, neno moja moja kama mtu anayevuka matope. Aprili 1997. Baba hatulii. Hawezi kukaa penye mlango uliofungwa. Mtoto amepungua. Nikageuza upande wa pili: mstari wa uzito ulikuwa umeshuka miezi ileile.

Anatoli alikuwa amesimama mlangoni.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Kumbe naumwa." Alilisema taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa mahali alipodondosha kitu chake. Wiki ile tulikwenda hospitali pamoja.

Sasa wakili wa tajiri alikuwa amesimama. Sheria inatoa miaka mitatu ya kudai fidia, alisema, na hawa wamechelewa karibu miwili. Mtu anayekwenda sokoni kununua chumvi na kurudi na chenji hawezi kuitwa mgonjwa wa akili. Tena lazima muda ufike mwisho, la sivyo hakuna atakayelala kwa amani. Nikamtazama mume wangu, macho yake mekundu kwa kukesha. Kulala ndiko tulikokwenda kudai.

Hakimu akamgeukia Anatoli. "Wewe mwenyewe, ulijua lini kwamba unaumwa?"

"Siku mama Erica alipojua kusoma, Mheshimiwa."

Mtu akacheka nyuma. Hakimu hakucheka. Aliandika kwa muda mrefu, na mimi nikawa nahesabu mistari ya kanga yangu. Kisha akasoma: siku ambazo akili ya mtu haikuwa sawa, sheria haimhesabii. Muda unaongezwa. Shauri lisikilizwe.

Kadi ikapigwa mhuri, ikabaki mahakamani. Dada Asnath alinishika bega, akasema kazi ndiyo kwanza inaanza. Nikamwambia najua.

Tulipotoka, karani alivuta mlango nyuma yetu. Anatoli akageuka, akaushika kwa mkono.

"Bado kuna watu ndani," akasema.

Karani alimtazama, akatazama chumba. Kisha akauacha wazi.