Gari la Manjano Kwenye Karatasi

"Hicho ni kiatu kimekanyagwa na trela," Festus alisema nyuma ya bega la Wakesho. "Ama ndilo gari?"

Mafundi wawili waliokuwa chini ya pikapu walicheka. Wakesho alifunika kwa kiganja kitabu alichokuwa akichoria. Ilikuwa saa ya chai, saa pekee iliyokuwa yake katika gereji ile ya Voi. Miaka sita alikuwa akifagia vumbi jekundu na kufua matambara ya oili, na Festus, msimamizi, alimwita "wewe wa ufagio".

Gari lilikuwa kwenye kona: la spoti, la manjano, fupi kiasi kwamba paa lilimfika kiunoni. Lilikuwa limegonga punda karibu na Maungu, likavutwa hadi hapo, boneti imekunjamana, lakini ubavu wa kushoto haukuwa na mkwaruzo hata mmoja. Mwenyewe alikuwa amelazwa Mombasa.

Wakesho alianza kulichora bila kujua kwa nini. Penseli ilikuwa ya binti yake Shanice, aliyemaliza shule. Siku ya kwanza alichora magurudumu ya duara, likatoka gari kama mkokoteni. Siku ya tatu alichuchumaa mbele yake na kuona: ukilitazama kwa mshazari, gurudumu si duara, ni yai. Alifuta mpaka karatasi ikatoboka. Baadaye akagundua kwamba paa lote ni mstari mmoja, na mstari huo hauchorwi kwa vidole. Unachorwa kwa bega, kwa pumzi moja.

Rimu za magurudumu ndizo zilizomtesa. Kila moja ilikuwa na mikono mitano, na kila mkono ulipasuka mwishoni kama ulimi wa nyoka. Alizirudia siku kumi na moja, akiandika tarehe pembeni kama alivyofundishwa shuleni kule Ronge.

Jumatatu moja alikuta gari limefungwa rimu nyingine, nyeusi, za chuma, za kawaida. Alimtazama Festus. Festus naye akamtazama, kwa muda mrefu.

"Fagia," alisema.

Alhamisi mwenye gari akaja, jina lake Waleed, mkono ukiwa ndani ya plasta. Hakusalimu mtu.

"Rimu zangu ziko wapi?"

"Lilifika hivi hivi, bosi. Wale watu wa barabarani hufungua kila kitu kabla hata damu haijakauka."

"Una hakika?"

"Muulize huyu. Yuko hapa kila siku." Festus aligeuka, akatabasamu. "Mama Shanice, si lilikuja hivi?"

Alitakiwa kusema ndiyo tu, kisha arudi kwenye ufagio wake. Huyo Waleed hakuwa mtu wake. Lakini mikono ile mitano aliijua kuliko vidole vyake mwenyewe, na sasa alikuwa anaambiwa hakuiona.

"Halikuja hivyo," alisema.

"Huyu hata spana hazijui!" Festus alifoka.

Wakesho alitoa kitabu mfukoni mwa aproni. Festus alirusha mkono akipokonye; Waleed akamzuia kwa bega. Alifungua kurasa, akalinganisha na picha kwenye simu yake, akasoma tarehe, zote za baada ya ajali. Kisha akachana kurasa nne, zile bora, akazikunja katikati.

"Pole pole," Wakesho alisema. "Huo mkunjo unapita juu ya paa."

Waleed hakumsikia. Alikuwa tayari anawapigia polisi simu.

Festus aliurusha mkoba wa Wakesho nje ya geti. "Ukikanyaga hapa tena, nitakuvunja huo mkono."

Geoffrey, mmoja wa mafundi wa pikapu, alimfuata hadi getini. Wakesho alidhani anamletea lesso yake.

"Umetuponza sote," alimwambia. "Polisi wakija, unafikiri watachagua?" Akafunga geti kwa ndani.

Aliokota mkoba, akaukung'uta, akateremka hadi dukani kwa Pauline, ambaye alikuwa anapima sukari na hakuinua macho.

"Nipe kitabu."

"Cha mistari?"

"Hapana. Cha kuchora."

Pauline alikitupa juu ya kaunta. Wakesho alikifungua palepale, ukurasa wa kwanza, mweupe, akapitisha kidole polepole kutoka kona hadi kona, kikaacha nyuma yake alama nyekundu ya vumbi, iliyopinda kama lile paa.

"Ukishakichafua ni chako," Pauline alisema.