Ukuta wa Nyuma ya Mkurugenzi

Mume wangu si mkurugenzi wa kitu chochote. Kwenye kampuni ya bima anakofanya kazi, yeye ni mmoja wa wale wanaopokea madai ya magari yaliyogongwa na kuwajibu wenye magari kwamba picha hazionekani vizuri. Lakini tangu waruhusiwe kufanyia kazi nyumbani siku mbili kwa wiki, kichwa kimemvimba, nami nikampa cheo ambacho waajiri wake wamemnyima. Namwita Mkurugenzi. Anadhani namheshimu.

Siku ya kwanza alifanyia kazi kwenye meza ya chakula. Katikati ya kikao, mwenzake mmoja akamwuliza kama kile kinachoning'inia nyuma yake ni pazia au shuka lililoanikwa. Lilikuwa shuka. Watu wakacheka, yeye akacheka nao, na alipofunga kompyuta alikuwa mtu mwingine.

"Nyumba hii lazima iwe na ofisi," akatangaza, kama anayehutubia uwanja mzima. Tulikuwa wawili tu, na mimi nilikuwa nakunja nguo.

Nyumba yetu ina vyumba vitatu vya kulala: chetu, cha watoto, na cha mama yake. Sasa niambieni, hiyo ofisi ingetoka wapi?

Mama hakuwepo. Alikuwa kwa wifi yangu, mji mwingine, alikokwenda kufanyiwa upasuaji wa macho. Ukungu ulikuwa umemziba macho yote mawili, akawa anatutambua kwa mwendo na kwa kukohoa. Kutwa alikaa kwenye dirisha lake linalotazama barabara, akisikiliza nani anapita na nani amechelewa. Aliondoka na mfuko mmoja mdogo. Kitanda, sanduku na kiti chake cha dirishani aliviacha mahali pake, kwa sababu alikuwa anakwenda kutibiwa, hakuwa anahama.

"Na mama je?" nikamwuliza mwanawe.

"Kochi la sebuleni si linakunjuka?"

"Mama yako hawezi hata kuinuka kwenye hilo kochi bila kuvutwa mikono."

"Atazoea. Nitamwambia wakati ukifika."

Namjua huyu. Wakati wake huwa haufiki. Mambo yote mazito anayaacha mpaka yajiseme yenyewe, halafu anashangaa pamoja na wengine.

Mtu mwenye akili akipanga ofisi huanza na kiti, maana hapo ndipo makalio yatakaposhinda. Mimi nauza dawa dukani, nasimama tangu asubuhi hadi jioni, thamani ya kiti naijua. Mkurugenzi alianza na ukuta. Ukuta mmoja tu, wa nyuma yake, ule ambao wenzake watauona kwenye kompyuta. Aliingia chumbani kwa mama, akaiweka kompyuta juu ya meza ya kupigia pasi, akavuta stuli ya jikoni, akakaa akijitazama mwenyewe. Mimi akanisimamisha ukutani na mpini wa ufagio, nimwonyeshe rafu itakapofika.

"Shusha kidogo. Pandisha. Hapo hapo! Zaidi ya hapo haionekani."

Basi rafu ikaamuliwa iishie pale ambapo macho ya watu yangeishia. Nusu rafu. Vitabu vya kuipamba hakuwa navyo, akaenda kuazima kwa jirani yetu mwalimu, akavichagua kwa rangi ya migongo. Kimoja kilihusu magonjwa ya kuku. Kilimpendeza kwa sababu kilikuwa cha buluu.

Kisha ikaja zamu ya cheti chake cha mafunzo ya huduma kwa wateja. Nikakitundika. Akakunja uso.

"Umekigeuza. Maandishi yanasomeka kinyumenyume."

Nikatazama ukutani, cheti kimenyooka na jina lake limekaa vizuri. Nikaenda kutazama kwenye kompyuta, kweli maandishi yamegeuka, kwa sababu ile kompyuta humwonyesha mtu sura yake kama anavyojiona kwenye kioo. Nikamweleza. Akaniambia mambo ya teknolojia nimwachie yeye. Nikakitungua, nikakitundika, nikakitungua tena, na mwishowe akaamua kwamba waliokichapa walikosea. Mtu huyu ndiye anayewaambia wateja kwamba picha zao hazionekani vizuri.

Likabaki dirisha. Lilikuwa kwenye ukuta huohuo, na mwanga ulipoingia, Mkurugenzi alionekana kivuli cheusi kisicho na pua. Nikamwambia ageuze meza. Akasema akigeuza, nyuma yake utaonekana mlango, na mlango kila mtu anao. Akamwita fundi seremala, mtu ambaye hajawahi kumkatalia mteja jambo lolote. Ukimwambia akujengee ngazi ya kuingilia chini ya kitanda, atakuuliza unataka mbao gani.

"Inawezekana, bosi," akasema fundi, na dirisha la mama likafunikwa kwa ubao mpana uliopakwa rangi ya kijivu.

"Ni majaribio tu," Mkurugenzi akaniambia alipoona macho yangu. "Bado tunapanga."

Kitanda cha mama kilisimamishwa wima kwenye ukuta wa mbele, ule usioonekana. Sanduku likasukumwa kando yake, kiti kikapandishwa juu ya sanduku. Chumba kizima kilikuwa vurugu tupu, isipokuwa ile sehemu ndogo iliyoingia kwenye kompyuta. Pale palikuwa safi, pana rafu, pana cheti, pana magonjwa ya kuku. Nilimgombeza mpaka sauti ikanikauka. Akanisubiri nimalize, akauliza kama taa ndefu ingependeza upande wa kulia.

Siku mama alipofunguliwa bandeji, wifi alipiga simu ya video. Mama alitaka kumwona mwanawe. Mkurugenzi akakimbilia ofisini kwake, shati na tai juu, bukta chini, akakaa mbele ya ukuta wake. Mimi nilisimama pembeni yake, nje ya picha, nikiuona uso wa mama ukisogea karibu kabisa na kioo, macho yamefumbuka, yanatafuta.

"Umenenepa," akasema, akaanza kucheka na kulia pamoja. "Mwanangu, una mvi! Hakuna aliyeniambia una mvi."

Akamwangalia kwa muda. Kisha macho yakahamia nyuma yake.

"Hapo ni wapi? Pazuri kweli."

"Ofisini, mama."

"Ofisi yako peke yako?" Akageuka kumwita wifi. "Njoo umwone kaka yako! Wamempandisha cheo na hasemi!"

Mkurugenzi alitabasamu. Hakukanusha. Alinyoosha hata tai.

"Haya, nisikucheleweshe kazini," mama akasema. "Ukifika nyumbani, mwambie mkeo anifungulie dirisha la chumba changu, kisije kikanuka uvundo. Jumamosi nakuja. Safari hii nataka kukaa pale niwaone watu wenyewe, nimechoka kusikiliza viatu."

"Sawa, mama," akajibu. "Nitamwambia."

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Alisema hivyo bila hata kupepesa jicho, na ubao wenyewe uko mgongoni kwake. Nikaishika ile kompyuta kwa mikono miwili, nikaigeuza.

Nilimwona mama akikitazama kitanda kilichosimama wima, godoro limejikunja, na kile kiti juu ya sanduku.

"Hicho si kitanda changu?" akauliza taratibu.

Mkurugenzi akaanza kueleza kutoka nyuma ya kompyuta. Akaeleza mwanga, akaeleza kikao na shuka, akaeleza kwamba bado ni mipango na kwamba kochi la sebuleni ni la kisasa. Mama alimwacha aseme mpaka akaishiwa.

"Basi msihangaike," akasema. Aliongea kwa adabu, kama mgeni anayekataa chai asije akawasumbua wenyeji. "Hapa kwa dada yako pananitosha. Fanyeni kazi zenu."

"Asante kwa kuelewa, mama," akasema Mkurugenzi.

Akakata simu, akashusha pumzi. "Unaona? Mama mwenyewe hana neno. Wewe ndiye unakuza mambo."

Nimeishi na mtu huyu miaka mingi. Nimemcheka, nimemnunia, nimemsamehe. Siku ile nilimdharau kwa moyo wote, na sikujisikia vibaya hata kidogo.

Nikachukua nyundo nikaung'oa ule ubao. Nikakishusha kitanda, nikatandika shuka safi, nikarudisha kiti dirishani na meza ya pasi nikaitupa ukumbini. Mkurugenzi alihamia jikoni na kompyuta yake, amevimba. Nilipomaliza nikampigia mama.

"Mama, chumba chako kipo. Kitanda nimetandika, dirisha liko wazi. Njoo Jumamosi kama ulivyosema."



"Ni yeye aliyesema nije?" akauliza.

Nikaenda jikoni, nikamnyooshea mwanawe simu. Nilimkazia macho. Neno moja tu lilihitajika kutoka kwake, nalo ni "njoo". Aliitazama simu, akarudi nyuma kidogo, akatikisa mkono na kuninong'oneza:

"Mwambie niko kwenye kikao."

Kompyuta ilikuwa imezimwa.

Nikairudisha simu sikioni. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, lakini mama alikuwa amezoea kusikiliza watu kuliko kuwaona.

"Hapana, mama. Ni mimi."

"Ubarikiwe, mwanangu," akasema. "Basi ukipata mtu anayekuja huku, mpe sanduku langu."

Nilipokata simu, Mkurugenzi akanyoosha shingo kutoka mezani, akaniuliza kama ule ubao niliung'oa bila kuupasua.