Majibu ya Biskuti

Bibi alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuweza kuona karatasi ya maswali bila kutaka mjukuu wake ayapate yote. Bintiye alimweleza mpaka mdomo ukamkauka kwamba karatasi iliyotumwa na mwanasaikolojia si mtihani. Kidoti, mjukuu mwenyewe, amezaliwa na kromosomu moja ya ziada. Ana miaka tisa, na siku hizi kengele ya shule ikilia anajificha chini ya dawati. Mwanasaikolojia anataka kujua hofu hiyo imefika wapi, ili shule impe mwalimu msaidizi wa kukaa naye. Akionekana hana neno, hapewi mtu.

Bibi akaitikia ndiyo, ndiyo. Binti alipokwenda kazini, akamketisha Kidoti mezani, akafungua pakiti ya biskuti, wakala njama wiki nzima. Jibu moja sahihi, biskuti moja. Bibi ni fundi cherehani, kazi aliyoifanya miaka arobaini, hajawahi kumpa mteja nguo yenye uzi unaoning'inia. Angempelekaje mjukuu mbele za watu hivi hivi?

Siku yenyewe Kidoti aliyatiririsha majibu kama maji. Analala vizuri. Ana marafiki wengi. Shule anaipenda sana. Kila jibu likitoka, mkono nao unanyooka, kiganja juu. Mwanasaikolojia alidhani anasalimiwa, akawa anaupokea na kuutikisa. Bibi alikohoa mpaka akaletewa maji ya kunywa.

"Kuna kitu unachokiogopa?"

"Siogopi kitu." Mkono ukanyooka, ukabaki hewani. "Biskuti yangu?"

"Sina biskuti, mama."

Kidoti akafikiri kidogo. "Basi naogopa."

Akatoboa yote. Anaogopa kengele, kwa sababu ikilia ni mapumziko, na wakati wa mapumziko wenzake humfungia chooni. Alieleza taratibu, bila kulia. Bibi hilo la choo hakuwa amelisikia. Wiki nzima alimuuliza mtoto maswali, na hakusubiri hata jibu moja lililo lake mwenyewe. Aibu ikamshika, kisha uchungu.

"Na bibi anaogopa," Kidoti akaongeza. "Anaogopa mtaniona mjinga."

Mwanasaikolojia akarudi mwanzo wa karatasi, akamuuliza bibi kwa upole kama kweli mtoto analala vizuri.

"Halali," akasema bibi. "Ndiyo maana nalala chini mlangoni kwake, mwenyewe hajui."

"Najua," akasema Kidoti. "Unakoroma."